Boya la kuchaji kihisi kwa mawimbi: nilivyolitengeneza kwa ajili ya Matema

Kihisi cha joto la maji tulichoweka Ziwa Nyasa, pale Matema, kilikuwa kikizimika betri ikiisha. Kila mara ni safari kutoka Mbeya mjini hadi Kyela, halafu ukodi mtumbwi. Sasa kinajichaji chenyewe: wimbi huinua boya, boya huvuta kamba, na kamba huzungusha mota inayozalisha umeme.

Hatua ya 1: piga hesabu ya matumizi. Kihisi changu huamka kila dakika 10, hupima na kutuma kwa sekunde 5, kikivuta miliampea 100 kwenye volti 3.3. Ukijumlisha na usingizi wake, ni kama jouli 260 (jouli ni kipimo cha nishati) kwa siku. Wimbi likivuta kamba sentimita 20 kwa nguvu ya kuinua kilo 3, linatoa jouli 6. Hata ikifika betrini sehemu ya kumi tu, mawimbi 450 yanatosha siku nzima. Mwera ukivuma, hayo ni ya dakika 20 hivi.

Hatua ya 2: tafuta cha kuvutana nacho. Hapa ndipo wengi tunapokosea. Mwanzoni nilining'iniza sumaku kwa springi ndani ya boya, ili izalishe umeme ikicheza, nisipate kitu. Springi inayocheza kwa mdundo wa sekunde 3 lazima ivutike zaidi ya mita 2 kwa uzito wa sumaku peke yake. Ndani ya dumu haiwezekani. Dawa ni maji yaliyotulia. Wimbi lenye urefu wa mita 10 kutoka kilele hadi kilele, ukishuka mita 5 chini yake, mwendo wa maji unabaki asilimia 4 tu ya ule wa juu. Kwa hiyo ning'iniza sahani ya chuma huko chini, yenye kilo 4 au 5. Boya likipanda, sahani inagoma, kamba inavutwa.

Hatua ya 3: boya na mota. Chukua dumu la lita 20, pitisha bomba la PVC katikati, wima, litokeze juu ya maji. Kamba ipite humo: maji hayapandi kuliko usawa wa ziwa, hivyo hakuna haja ya sili yoyote ya kuzuia maji. Juu ya bomba weka kasha lenye rola ndogo iliyofungwa kwenye friwili ya baiskeli, nayo izungushe mota ya DC yenye giaboksi. Usichukue mota ya waipa za gari! Gia yake ya skrubu haizunguki ukiisukuma kutoka upande wa nje. Mpira wa tyubu urudishe kamba boya likishuka. Mvuto wake uwe mdogo kuliko uzito wa sahani, la sivyo sahani itapanda nayo.

Hatua ya 4: umeme. Diodi moja ya Schottky (hupitisha umeme upande mmoja tu) baada ya mota, vinginevyo betri itaizungusha mota usiku kucha. Kisha kapasita, kidhibiti cha chaji na betri ya LiFePO4 (aina ya betri ya lithiamu), ukomo wa kuchaji volti 3.6. Betri ya ampea-saa 1.5 inabeba siku zaidi ya 60 za ziwa tulivu.

Hatua ya 5: kutia nanga. Zungumza kwanza na viongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi na wanajamii kinachosimamia uvuvi ufukweni), wakuonyeshe nyavu zinapotegwa. Kwa Matema kina kinashuka ghafla, basi pima kwa kamba yenye jiwe kabla ya kukata ya nanga. Nanga ifungwe kwenye dumu, kamwe isiguse kamba ya sahani.

Ukilipeleka Bahari ya Hindi, mpango ni uleule, ila mawimbi marefu yanadai sahani ishuke zaidi, na chuma chote kifungiwe kipande cha zinki, kiliwe na kutu badala ya chuma.