Kuhamisha dungusi kakati chunguni

Kwa wanaootesha dungusi kakati (mmea wa miiba, yaani kaktasi) nyumbani hapa Mtwara, wakati mzuri wa kuuhamishia mmea huo kwenye chungu kingine ni baada ya mvua kukatika, mwezi Mei au Juni, kwa sababu mizizi iliyojeruhiwa huoza upesi ikikaa kwenye udongo uliolowa. Chungu kiwe na tundu chini, na upana wake uzidi kile cha zamani kwa vidole viwili tu. Mchanga wa ufukweni, ingawa ndio ulio karibu, una chumvi. Afadhali ule wa mtoni, uchanganywe nusu kwa nusu na udongo wa bustani. Mmea ushikwe kwa gazeti lililokunjwa mara nne (khanga hunasa miiba, nami jioni nzima niliichomoa kwa sindano), kisha usimwagiliwe maji kwa siku 7.