Somo: Kuandaa siku ya utamaduni chuoni, kwa walioko Iringa na Mbeya

Wakuu, kila mwaka mpya wa masomo naulizwa yaleyale. Leo naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

1. Tarehe. Mvua zetu ni Novemba hadi Aprili. Lengeni 21 Mei, Siku ya Utofauti wa Tamaduni Duniani.

2. Kibali. Barua kwa mshauri wa wanafunzi, mapema.

3. Vikundi. Muoneni ofisa utamaduni wa halmashauri. Wenye ngoma waieleze wenyewe, MC asiwasemee.

4. Mpangilio wa sauti. Hapa ndipo shughuli nyingi zinapoharibika. DJ anafungua kwa spika kubwa, halafu anapandishwa mzee wa Kihehe na ligombo lake. Ligombo ni ubao uliochongwa mfano wa hori, uzi mmoja umepitishwa huku na huku juu yake. Sauti yake ni ndogo, na mpigaji huimba akisimulia habari. Masikio yaliyotoka kwenye spika hayamsikii. Watu wanaanza soga, mzee anakatisha, na mlichotaka kujifunza kinaondoka naye. Kwa hiyo ligombo litangulie, watu wakae karibu, maiki moja ielekezwe kwenye ubao. Ngoma za ngozi zifuate. DJ awe wa mwisho kabisa.
TAHADHARI: msimpangie mzee "dakika tano". Muulizeni simulizi yake ina urefu gani, ratiba imfuate yeye.

5. Ngozi hulegea kwa unyevu wa asubuhi zetu. Washeni moto mbali na jukwaa, wapigaji wakaze ngoma zao. Walinzi wajulishwe mapema.

MASWALI

Kijana wa Uyole: Mkuu, tarehe nzuri ni ipi?

Mtoa somo: Hatua ya 1.

Kijana wa Uyole: Mbona ukali? Nipo kwenye daladala.

Mtoa somo: Ukishuka soma yote, hasa ya 4.

Mzee wa Bajeti: Wazee wa nini? Wanafunzi wavae mavazi ya makabila wapite jukwaani, inatosha.

Mtoa somo: Vazi lisilo na wa kulieleza halimfundishi mtu. Kama fedha ya DJ imepatikana, nauli na chakula cha mzee mmoja haviwezi kuwashinda.

Dada wa Kihesa: Shikamoo kaka. Tuna wenzetu Warundi wanataka kupiga ngoma zao. Tuwachanganye na wasichana wetu wa Kigogo wanaopiga muheme?

Mtoa somo: Marahaba dada, umeuliza jambo zito. Ngoma ya kifalme ya Burundi iliingia kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2014, na amri ya rais ya 2017 kwao inawakataza wanawake kuipiga. Muheme ya Wagogo wapigaji ni wanawake. Msizichanganye, zifuatane. Baada ya hapo waketisheni pamoja, wanafunzi waulize: nani hupiga, wakati gani, kwa nini. Hiyo nusu saa ndiyo elimu yenyewe. Ila kwanza waulizeni Warundi wenyewe wanaona sawa kipi.

Dada wa Kihesa: Asante sana, tutawaita kikaoni.

Mtoto wa Tukuyu: Nyongeza ya chakula: mbalaga ipikwe palepale, watu washike kisu wamenye ndizi. Na ulanzi, pombe yetu ya mianzi, je?

Mtoa somo: Mbalaga nakuunga mkono. Ulanzi hapana, unachacha kadiri saa zinavyokwenda. Wa asubuhi mtamu, wa jioni unalevya. Wekeni togwa.