Kabla hujaingia kijitoni kumfuata trauti

Umeona picha ya mtu amesimama kijitoni kule juu Machame, mteremkoni mwa Kilimanjaro, anavua samaki aitwaye trauti, ufito wa kuvulia mkononi, ukungu nyuma yake, ukadhani kazi ni kununua ufito. Ufito ndio jambo jepesi kuliko yote. Sikiliza mengine.

Anza na ruhusa. Leseni ya uvuvi ulizia kwa afisa uvuvi wa halmashauri, hata kama unavua kwa kujifurahisha tu. Na ukifika migomba inapoishia na msitu unapoanza, simama hapo hapo. Tangu 2005 msitu ule umeingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na huingii humo na ufito eti kwa sababu babu yako alikuwa anaokota kuni huko.

Mjue samaki mwenyewe. Trauti si mwenyeji. Yule wa upinde wa mvua asili yake ni Amerika ya Kaskazini, upande wa Pasifiki. Yule wa kahawia ni wa Ulaya. Wakoloni ndio waliomwaga trauti kwenye vijito vya milima yetu, Kilimanjaro na Meru, kwa sababu samaki hawa wanapenda maji baridi yanayokimbia. Maji yakipita nyuzi 20 huanza kutaabika, kwa hiyo nenda alfajiri, usiende saa nane mchana ukiwa umeshiba. Hukaa ameukabili mkondo akingoja chakula kimletewe mdomoni. Mwendee kutoka upande wa chini, umeinama, kivuli chako kisimtangulie. Ukimtokea kwa juu ameshakuona wewe kabla hujamwona yeye.

Vijito vyetu ni vyembamba: ufito wa futi 7 na mshipi wa uzito namba 3 au 4 vinatosha. Ule wa futi 9 utashinda umenasa kwenye migomba. Nzi wa bandia, yaani ndoana iliyovishwa manyoya na uzi ifanane na mdudu, chukua namba 14 na 16, na kumbuka namba ikiwa kubwa ndoana ni ndogo. Kijino cha ndoana kibane kwa koleo hadi kilale, na vaa miwani, hata ile ya jua ya elfu tano. Nimewahi kumtoa mwenzangu ndoana kwenye nyusi. Kijino kilikuwa kimelala, ikatoka kama sindano. Isingekuwa hivyo tungekuwa tumeshika njia ya hospitali.

Viatu: soli yenye meno. Buti la mpira likijaa maji linakuwa ndoo mguuni.

Sasa mfongo, yaani mfereji wa kupeleka maji mashambani. Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo tulia.

Wageni wanaona kijito wanadhani ni maji ya Mungu yanayopita tu. Uchagani maji yana zamu. Mfongo mmoja unalisha vihamba vingi, yaani mashamba ya migomba ya kuzunguka nyumba, na kila kaya ina siku yake na saa zake. Ukikosa zamu, umekosa. Pale mfongo unapochepuka kutoka mtoni kuna banio: mawe yaliyopangwa, yakazibwa kwa udongo, majani na vipande vya migomba. Ukilitazama kwa haraka unaona rundo la takataka lililoletwa na mafuriko. Na nyuma ya rundo hilo maji hutulia, yakawa na kina, na trauti anapapenda sana.

Mwaka mmoja nilikuwa nimesimama pembeni ya banio kama hilo, bila kujua ni nini. Nikarusha, nzi akanasa katikati ya mawe. Nzi mmoja, wa shilingi elfu tatu. Nikainama, nikang'oa jiwe, halafu la pili, halafu la tatu, sikumpata. Nikasikia maji yanabubujika kwa sauti mpya, nikaona ni vizuri tu, mkondo umechangamka. Nikafunga nzi mwingine, nikaendelea.

Haikupita nusu saa, akatokea bibi mmoja anapandisha kwa kuufuata mfongo, jembe begani, kanga ameifunga kiunoni. Mfongo ulikuwa umebaki tope. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia marahaba, hakupandisha sauti. Akatazama mawe matatu niliyoyaweka ukingoni, yakiwa bado yanachuruzika, kisha akatazama viatu vyangu.

"Mwanangu," akasema, "umekunywa maharage yangu."

Akaingiza mkono kwenye lile tundu, akapekua kidogo, akatoka na yule nzi wangu. Akamweka kiganjani: manyoya kidogo na uzi mwekundu, kadogo kama punje ya mtama. "Ni hiki ulichokuwa unakitafuta?"

Sikuwa na jibu. Akaitwa meku, mzee anayesimamia mfongo, akaja na vijana wawili, na mimi ndiye niliyebeba udongo. Tulijenga hadi mchana, maji ya baridi yamenifika mapajani, meku amekaa juu ya gogo ananionyesha kwa fimbo: hapo bado panavuja, hapo tena. Nikatozwa faini, ndoo ya mbege, pombe yetu ya ndizi, na siku moja ya kusafisha mfongo pamoja na wenzangu. Vyote nikalipa bila ubishi. Ila zamu ya bibi ilikuwa imekwisha saa sita kamili, na maji yakaenda kwa jirani yake kama ilivyopangwa. Yeye akangoja wiki nzima.

Kwa hiyo kabla ya kulowesha mguu, tafuta msimamizi wa mfongo. Muulize banio liko wapi, zamu leo ni ya nani, uvukie wapi. Usihamishe jiwe, hata kama linaonekana halina mwenyewe. Nzi akinasa, kata uzi.

Mengine ni ya kawaida. Anga likiwa safi Moshi mjini haimaanishi huko juu hakunyeshi. Maji yakibadilika rangi au yakaanza kuleta majani na vijiti, toka kwanza, samaki atakusubiri. Masika, Machi hadi Mei, kaa nyumbani. Angalia siafu kabla hujakaa chini. Ukimrudisha samaki, lowesha mikono kabla ya kumshika. Vipande vya uzi rudi navyo mfukoni, mbuzi hula chochote. Usinywe maji ya kijitoni kwa sababu tu yanang'aa, juu yako kuna watu na ng'ombe. Mwambie mtu unakokwenda na saa utakayorudi, maana bondeni simu inakata. Na yule wa bodaboda akikuahidi kukufuata saa kumi, mlipe nusu tu.