Kabla hujatoa kodi ya miezi sita

Mtu anayeanza maisha Dar es Salaam huwa na haraka. Amefikia kwa mjomba au kwa dada, analala sebuleni, godoro linakunjwa alfajiri watu wapite, na ikifika wiki ya tatu anahisi hata chai anamiminiwa kwa jicho. Haraka hiyo ndiyo mtaji wa madalali. Mimi nimeshapanga nyumba nne katika mji huu, Tabata, Mwananyamala mara mbili, na sasa Kimara, na mbili kati ya hizo nilihama kodi yangu ikiwa bado haijaisha. Kwa hiyo nitakapokuwa mkali huku chini, vumilia.

Anza na hesabu. Kodi hutajwa kwa mwezi lakini hulipwa kwa miezi sita, na wapo wanaotaka ya mwaka. Chumba cha 70,000 maana yake ni 420,000 kwa mkupuo, na dalali naye anataka kodi ya mwezi mmoja, 70,000 nyingine. Hapo hujaweka hela ya kuonyeshwa chumba, ambayo hairudi hata kama chumba chenyewe kina mchwa. Hujaweka kirikuu ya kubeba vitu, kitasa, pazia, ndoo, wala umeme wa kuanzia. Ukiwa na laki nne na ishirini kamili, rudi kwa mjomba ukajipange.

Dalali usimpe hata senti ya kodi kabla hujaonana na mwenye nyumba. Si mdogo wake, si msimamizi, si shemeji yake anayeshika funguo, mwenyewe. Kisha pita kwa mjumbe wa shina au ofisi ya serikali ya mtaa uulize nyumba ile ni ya nani na kama ina kesi ya mirathi. Ndugu wanaogombea nyumba ya marehemu kila mmoja anaweza kupangisha kivyake, na wewe ndiye utakayekutwa ndani na masufuria yako.

Chumba kikague mara mbili, mchana na saa mbili usiku. Mchana kila nyumba ni tulivu, watu wako kazini. Usiku ndipo unajua kwamba nyuma ya ukuta kuna baa, au kijana wa chumba cha pili ana sabufa kubwa kuliko kitanda chake.

Maji: uliza bomba linatoka siku zipi, simtanki lile pale juu ni la nani, na dumu la lita ishirini mtaani linauzwa shilingi ngapi. Usikubali jibu la "maji hapa hayana shida". Angalia madumu uani. Nyumba yenye madumu kumi na tano yaliyopangwa ukutani imeshakujibu.

Choo hesabu kwa watu, usihesabu kwa vyumba. Vyumba sita vinaweza kuwa watu ishirini, na wote wanataka kuoga kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili alfajiri. Uliza pia shimo likijaa nani analipa gari la kunyonya majitaka. Watu wanaona aibu kuuliza swali hilo, mwisho wanachangishwa wakiwa na wiki mbili tu ndani ya nyumba, kwa uchafu wa miaka mitatu ambao hawakuwa na mkono ndani yake. Na kama nyumba ina desturi ya kutapisha choo, yaani kufungulia majitaka yatoke nje, mvua ikinyesha, usihamie. Utapita juu yake ukienda kazini.

Nikigusia mvua, chumba ulichokipenda mwezi wa nane kiangalie kwa macho ya mwezi wa nne. Tafuta mstari wa maji ukutani. Ukiona rangi mpya imepakwa kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti, huku juu ni ya zamani, hapo panafichwa kitu. Sehemu zilizo karibu na Bonde la Msimbazi, Jangwani, Kigogo na kuendelea, hazihitaji maelezo. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 kuna waliohamishiwa Mabwepande, na bado watu walirudi kupanga palepale kwa sababu ni karibu na mjini na kodi ilikuwa nafuu. Unafuu huo una msimu wake.

Sasa umeme. Hapa nikalie kidogo, maana ndipo nilipoungulia.

Mara ya pili nilipohamia Mwananyamala nilipata chumba kizuri, sakafu ya marumaru, dirisha la aluminiamu, kwenye nyumba ya vyumba sita. Mama mwenye nyumba alikuwa mtu wa heshima, anaishi kwingine, anakuja mara moja kwa mwezi na kutuita wanangu. Nikauliza habari ya umeme wa kulipia kabla, "Mama, LUKU ikoje?" Akasema, "Mnachangia tu wanangu, hamjawahi kugombana." Nikaridhika. Jibu lile lilikuwa la kweli tupu, na lilinigharimu zaidi ya uongo wowote nilioambiwa na madalali.

Mita ilikuwa moja. Kila chumba kinatoa 10,000 mwanzo wa mwezi, dada wa chumba cha mbele anakusanya na kununua. Elfu sitini. Mwezi wangu wa kwanza umeme uliisha siku ya kumi na tatu. Tukachanga tena. Nikadhani ni ugeni, labda mimi ndiye nimeongeza mzigo, ingawa nilikuwa na taa, feni na chaji ya simu. Mwezi wa pili ukaisha siku ya kumi na mbili. Kila mtu anamtazama mwenzake. Kaka mwenye friji anasema tatizo ni pasi za watu. Wenye pasi wanasema ni friji. Mama wa chumba cha mwisho akaacha kuniitikia salamu kwa sababu aliniona nimechemsha maji ya kuoga kwa hita siku moja nikiwa na homa.

Nikaamua kufanya hesabu, na wewe ifanye kabla ya kuhamia, usisubiri kama mimi. Kwa bei zilizowekwa mwaka 2016, mtumiaji mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya makato. Huyo ndiye unayemsikia akisema 9,150 inampa uniti 75. Ukizidi kiwango hicho mara kwa mara unatolewa kwenye kundi lile, unalipa 292 kwa uniti, na ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, uniti inafika kama 356. Elfu kumi inakupa uniti 28 tu. Nyumba ya vyumba sita kwenye mita moja haiwezi kubaki chini ya uniti 75 hata wapangaji wakikaa gizani na kusali. Kwa hiyo mtu mwenye taa moja, ambaye akiwa na mita yake angelipa bei ya mtumiaji mdogo, analipa bei ya wakubwa kwa sababu tu ya idadi ya majirani. Juu ya hapo, tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Anayenunua umeme ni mpangaji. Malizia mwenyewe.

Elfu sitini yetu, ukitoa makato yote pamoja na hiyo kodi ya jengo, ilikuwa inaleta uniti kama 164. Kwa siku kumi na tatu hizo ni uniti zaidi ya kumi na mbili kila siku. Vyumba sita vyenye taa, televisheni, feni na friji moja haviwezi kula hivyo. Nikazunguka nyumba nzima kama mpelelezi, sikuona kitu.

Jibu lilikuja lenyewe, Jumamosi mchana. Mbele ya nyumba kulikuwa na fremu mbili, moja duka la vocha, nyingine saluni ya kike iliyojaa wateja wa harusi. Saa tisa LUKU yetu ikaisha, feni ikasimama. Na sekunde ileile, kule saluni, draya zikanyamaza, redio ikakata, na sauti ya mwanamke ikatoka: "Jamani wapangaji, umeme!"

Tulitoka vyumbani wote tukabaki kutazamana uani. Mama wa chumba cha mwisho ndiye aliyeanza kucheka.

Dada wa saluni wala hakuwa mwizi. Yeye alikuwa anamlipa mama mwenye nyumba kodi ya fremu "pamoja na umeme", na ana karatasi. Tulipompigia simu mama alisema maneno ambayo sijayasahau: "Mbona mlihamia saluni mnaiona?" Na kweli tulikuwa tunaiona. Nilikuwa nimeshalipa miezi sita, miwili tu imepita, na mkataba wangu ulikuwa na mstari mmoja kuhusu umeme: mpangaji atachangia. Haukusema atachangia na nani. Tulivutana wiki tatu, mjumbe akaitwa, ikawekwa sabumita, mita ndogo ya ndani, kwenye saluni, lakini sabumita inahesabu tu, haikusanyi hela, na kila mwezi ilibidi mtu aende kumsubiri dada mlangoni mpaka amalize kusuka. Mwezi wa tano nikahama. Hela ya mwezi uliobaki sikurudishiwa na sikuidai, nilitaka tu mahali ambapo umeme ukiisha, umeisha wa kwangu.

Kwa hiyo fanya hivi kabla hujatoa pesa. Omba kuonyeshwa mita, andika namba yake. Muombe mwenye nyumba azime swichi kubwa, kisha wewe zunguka: vyumba vyote, uani, fremu za mbele, banda la nyuma, hata nyumba ya jirani kama waya umepita ukutani. Kinachozimika ndicho utakachokilipia. Akikataa kuzima, umeshajua. Halafu nunua umeme mdogo, hata wa elfu mbili, kwa namba ile ile ya mita, usome risiti mstari kwa mstari. Kama mita ina deni la waliotangulia, makato yatajionyesha hapo. Elfu mbili ni bei ndogo sana ya kuujua ukweli. Chumba chenye mita yake kikizidi kwa 15,000 kwa mwezi, usikikimbie kabla hujapiga hesabu ya mchango. Mara nyingi kile cha bei ya chini ndicho ghali.

Kama mita ni ya pamoja na huna namna, kubalianeni kwa vifaa. Mwenye friji atoe zaidi, mwenye jiko la umeme atoe zaidi ya mwenye friji, na anayeuza barafu atoe kama mfanyabiashara. Iandikwe, ibandikwe mlangoni. Kodi ya jengo ikatwe kwenye kodi ya chumba, na hilo liingie kwenye mkataba kabla ya kusaini, maana baada ya kusaini utaitwa mkorofi.

Mengine ni ya kawaida. Mkataba uwe na tarehe, saini ya shahidi na muda wa notisi. Risiti ya kila malipo, au lipa kwa simu ujumbe ubaki. Nauli piga kwa mwezi mzima: chumba cha bei nafuu Gongo la Mboto na kazi Masaki ni magari mawili kwenda na mawili kurudi, siku ishirini na sita. Uliza kama wageni wanaruhusiwa kulala na geti linafungwa saa ngapi. Zamu ya kufagia uwanja na kuosha choo ijue siku ya kwanza, na yako usiikose mwezi wa kwanza hata ukiwa mgonjwa, kwa sababu jina utakalopewa mwezi huo ndilo utakalohama nalo. Badilisha kitasa siku hiyohiyo unayohamia. Mkaa usiuache koridoni. Nguo usizianike ukaenda mjini, hasa jinzi. Gesi ifungie ndani, chumvi usiazimishe kila siku, sabuni ya choo ni ya kwako mpaka utakapoisahau bafuni. Na ndoo zako ziandike jina kwa rangi ya mafuta, chini na ubavuni, maana ndoo za bluu Dar zote zinafanana.