Somo: Kufufua mashine ya zamani ya pinboli au bingo bila kuifutia historia yake

Ninaandika somo hili kwa sababu kila wiki naulizwa swali lile lile: "Fundi, nimepata mashine ya kale ya pinboli, ule mchezo wa sarafu wa gololi ya chuma kwenye ubao ulioinama, niiwasheje?" Usiiwashe. Umeme ndio hatua ya mwisho, na anayeanza nao huunguza vitu ambavyo havipatikani Kisekka wala kwingineko Kampala.

Hatua ya 1. Piga picha kila pembe, nje na ndani, kabla ya kugusa waya wowote.

Hatua ya 2. Itambue mashine yako. Tafuta namba iliyogongwa kwenye mbao za kasha, mchoro wa umeme uliokunjwa ndani, na mihuri ya wino chini ya ubao wa kuchezea. Vikono vya umeme vinavyopiga gololi vilianza na Humpty Dumpty ya Gottlieb mwaka 1947, kwa hiyo wengi wakikuta mashine isiyo na vikono huamua kwamba ni ya kabla ya hapo. Hesabu kwanza mashimo: yakiwa 25 na kila moja lina namba, hiyo ni bingo, aina isiyo na vikono ingawa ni ya baadaye, kwani kampuni ya Bally ya Chicago ilianza kuzitoa mwaka 1951 kwa mashine iitwayo Bright Lights.

Hatua ya 3. Ondoa vumbi, kinyesi cha panya na udongo wa mchwa kwa brashi kavu.

Hatua ya 4. Kioo cha nyuma, kile chenye picha kinachosimama mbele ya mchezaji. Hapa niliharibu, nami naomba usome polepole. Picha imechapwa kwa rangi upande wa ndani wa kioo, na joto la balbu kwa miaka mingi huikausha rangi hiyo hadi ikaachia. Kwenye bingo yangu ya kwanza nilipitisha kitambaa chenye unyevu upande huo, mara moja tu, na nilipokigeuza kitambaa nikaona vigamba vyekundu pamoja na herufi tatu za mwisho za jina la mashine. Mchoro wa umeme ulikuwa umeliwa na mchwa, kwa hiyo jina lile ndilo lilikuwa njia yangu fupi ya kuupata mwingine. Bila hilo nilihangaika miezi minne nikilinganisha mpangilio wa taa na picha zilizo kwenye tovuti ya Internet Pinball Database. Upande wenye rangi usiguswe na maji, wala gundi ya karatasi, wala ukucha. Safisha upande wa mbele peke yake. Rangi ikiwa imeanza kubanduka, kilaze kioo, rangi ikitazama juu, kisha ipulizie vanishi angavu kwa matabaka membamba. Baada ya hapo badilisha balbu namba 44 uweke namba 47, ambazo hula ampea 0.15 badala ya 0.25 na hutoa joto dogo.

Hatua ya 5. Swichi. Mchoro ukionyesha ni ipi yenye hitilafu, isugue hiyo tu kwa tupa laini ya swichi. Msasa hula fedha iliyo kwenye ncha zake.

Hatua ya 6. Umeme. Mashine za Marekani zilitengenezewa volti 115 kwa hezi 60, ilhali kwetu ni volti 240 kwa hezi 50. Tumia transfoma ya kushusha yenye uwezo wa wati 500 au zaidi, na uunganishe waya wa ardhi kwenye mlango wa sarafu na vyuma vyote vya nje.

MASWALI

Swali (Mbale): Nimeichomeka ukutani, ikatoa moshi. Nimeweka waya badala ya fyuzi lakini bado. Tatizo ni nini?

Jibu: Tatizo ni hayo mawili uliyoyafanya. Ichomoe, utoe huo waya, kisha usome hatua ya 6.

Swali (Jinja): Mwalimu, transfoma hushusha volti, lakini hezi hubaki 50. Je, mota haitaathirika?

Jibu: Ahsante, ndugu yangu, hili ni swali zuri. Mota hupoteza takriban sehemu moja ya sita ya mwendo wake, ila kamu (visahani vyenye meno vinavyofungua na kufunga swichi) zilizo kwenye mhimili mmoja hupungua mwendo pamoja, kwa hiyo utaratibu wake haukatiki. Cha kuchunga ni transfoma ya ndani, kwa kuwa iliyoundwa kwa hezi 60 hupata joto zaidi kwenye 50. Iwashe nusu saa, chomoa plagi, kisha uiguse. Ikikuunguza, shusha volti kidogo.

Swali (Ndeeba): Koili inakwama. Nimepaka mafuta.

Jibu: Mafuta hushika vumbi, na ndiyo yanayokwamisha. Yafute yote, na ubadilishe mrija ulio ndani ya koili, ambamo chuma huteleza, ikiwa umechakaa.

Swali (Mbarara): Ndani ya bingo yangu nimekuta sarafu mbili za Ubelgiji. Je, zina maana yoyote?

Jibu: Zina maana kubwa, na usizitupe. Mwaka 1957 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba bingo zitozwe kodi ya mashine za kamari, dola 250 kwa mwaka badala ya 10, kwa hiyo nyingi ziliuzwa nje, na Ubelgiji ikawa miongoni mwa masoko yao makubwa. Sasa pima tundu la sarafu. La awali lilikuwa la senti 5 ya Marekani, yenye upana wa milimita 21.2; tundu likiwa limepanuliwa au limebadilishwa, utajua kwamba mashine ilifanya kazi Ulaya na haikupita tu. Tuletee kipimo pamoja na picha ya mlango wa sarafu.