Somo: Kutazama msuli, gegedu na mfupa kwa vitu vya buchani

Wiki iliyopita, baridi ya Julai ikiwa imenikaba, nilikuwa Mwanjelwa, Mbeya, nakunywa supu ya ng'ombe. Kwenye bakuli kulikuwa na kipande cha goti. Nikakigeuza geuza, nikacheka peke yangu: vile vitu vitatu vinavyowatesa wanafunzi wangu wa kidato cha tano vyote vilikuwa humo. Nyama yenye nyuzinyuzi, kile cheupe chenye utelezi kinacholia kwenye meno (ndilo gegedu), na mfupa wenyewe. Basi leo tunaanzia buchani.

Mahitaji: hadubini inayokuza mara 400, slaidi na vifuniko vyake, wembe mpya, sindano mbili, chumvi, methilini bluu (rangi ya kutia seli zionekane), msumeno wa kukatia chuma, na msasa ule wa mafundi rangi wa magari, unaotumika na maji.

Hatua ya 1: Msuli

Chukua uzi mmoja wa mnofu uliochemshwa kidogo. Uweke kwenye tone la maji ya chumvi (gramu 9 kwa lita moja), kisha uuchambue kwa sindano mbili mpaka usiweze kuuchambua tena. Funika. Sasa punguza mwanga wa hadubini. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mwanga ukiwa mkali utaona kijiti kitupu. Ukiupunguza, mistari ya kukata upana inajitokeza, ya giza na ya mwanga, ikipokezana kama kitambaa cha drafti.

Kutoka mstari mmoja wa giza hadi mwingine ni kama mikromita 2 (elfu mbili za milimita, yaani 0.002). Kipande hicho kinachojirudia ndicho sakomea. Penye giza pana nyuzi nene za miosini, penye mwanga pana nyembamba za aktini. Mwaka 1954 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba msuli ukijikunja nyuzi hizi hazifupiki, zinateleza tu na kuingiliana. Ukiweka methilini bluu utaona viini vingi vimejipanga pembeni mwa uzi. Vikiwa katikati na nyuzi zina matawi, jirani yako kakuletea moyo. Ukikuta seli zimechongoka pande zote mbili na hazina mistari, huo ni utumbo.

Hatua ya 2: Gegedu

Omba kipande cha bomba la hewa la mbuzi, au ncha nyeupe ya ubavu. Lowesha wembe, kwangua ganda jembamba kiasi kwamba likikaa kidoleni hulioni. Methilini bluu dakika moja, suuza, funika.

Utaona uwanja mkubwa mtupu, na seli zimekaa ndani ya vijumba, mbili mbili au nne nne. Ni ndugu: seli moja iligawanyika, na kwa kuwa ukuta ni mgumu, watoto hawakupata pa kwenda. Tafuta mshipa wa damu mle ndani. Tafuta tena. Haumo.

Hatua ya 3: Mfupa

Hapa tenga siku nzima. Kata kwa msumeno pete ya milimita moja au mbili kutoka katikati ya mfupa wa mguu. Chemsha na sabuni mafuta yatoke, kausha. Kisha saga juu ya msasa wenye maji, wa chembe kubwa kwanza halafu laini, ukibonyeza kwa kifutio cha penseli. Usiharakishe. Weka juu ya gazeti: ukisoma herufi kupitia mfupa, umefika. Suuza vumbi, kausha kabisa, funika bila maji wala mafuta, kingo zibanwe kwa selotepu.

Hayo maneno "bila maji wala mafuta" nimeyalipia. Mara ya kwanza kulifundisha somo hili nilidondosha glisirini kwa mbwembwe zote, darasa likachungulia, hakuna kitu! Tunachokiona kwenye mfupa mkavu ni hewa iliyonaswa kwenye vitundu. Hewa ndiyo inayoonekana nyeusi. Kimiminika kikiingia, picha inafutika.

Ukipatia, utaona mduara wenye tundu katikati, umezungukwa na pete juu ya pete. Upana wa mduara mzima ni kama robo ya milimita. Hiyo ni osteoni, na tundu la katikati, njia ya damu na neva, linaitwa mfereji wa Havers, kwa jina la Clopton Havers, daktari Mwingereza aliyeandika habari zake mwaka 1691. Katikati ya pete na pete kuna vitu kama buibui weusi. Hivyo ni vyumba vya seli za mfupa, na miguu ya buibui ni vijia ambavyo seli hizo zilipitishiana chakula. Wenyewe wameshakufa, unatazama nyumba.

Angalizo: ng'ombe mchanga anaweza kukuonyesha tabaka kama matofali badala ya miduara. Hujakosea. Wanyama wakubwa wanaokua haraka hujenga mfupa hivyo, miduara huongezeka na umri. Mwombe mwenye bucha mfupa wa maksai mzee aliyelima miaka. Na uchore unachokiona, usichore kitabu.

Maswali ya wasomaji

*Mwanafunzi, Mafinga: Shikamoo mwalimu. Shule yetu hadubini haina mafuta ya lenzi. Nitaiona mistari?*

Marahaba. Utaiona kwa mara 400, mafuta si lazima. Kwa lenzi ya mkononi hapana.

*Mama, Uyole: Mwalimu, kijana wangu aliumia goti kwenye mpira, mwaka sasa. Mfupa wa mdogo wake ulipona miezi miwili. Kwa nini?*

Pole mama. Mfupa una mishipa ya damu tele, kwa hiyo vifaa vya ujenzi vinafika. Gegedu linalishwa kwa majimaji yanayopenya polepole. Kile kitakia cha goti kina damu kidogo ukingoni tu, kikichanika kwa ndani hupona kwa shida sana. Mpeleke kwa daktari wa mifupa amtazame.

*Huyohuyo: Nimpe makongoro basi?*

Mpe, ni chakula kizuri. Ila kolajeni, ile protini ya gegedu na mfupa, ikifika tumboni inavunjwavunjwa kama nyama nyingine, haisafiri nzima mpaka gotini.

*Kijana, Tukuyu: Mimi niliacha mfupa wa kuku kwenye siki siku tano, ukapinda kama mpira. Umekufa?*

Siki imeyeyusha madini ya kalisi, imebaki kolajeni. Sasa chukua mwingine uuchome kwenye mkaa mpaka uwe mweupe: kolajeni imeungua, madini yamebaki, na utauvunja kwa vidole.

*Kijana, Tukuyu: Ndaga fijo (asante sana) mwalimu. Mama kaniuliza nani kamaliza siki.*