Jinsi ya kujua oda ya timu kwenye langalanga ni ya haki au dereva anaonewa

Ukiangalia Formula 1 na washkaji lazima ifike Jumapili mtabishana. Dereva kaambiwa kwenye redio ampishe mwenzake wa timu moja (kila timu ina magari mawili), wengine wanasema angekanyaga mafuta tu awe kama hajasikia, wengine wanasema huo mshahara analipwa na nani, atii. Kabla hujachagua upande fanya hivi.

Kwanza jua pale yanaendelea mashindano mawili kwa pamoja. Kuna ubingwa wa dereva na kuna ubingwa wa timu, na zile hela za zawadi timu zinagawiwa kwa kuangalia huo wa pili. Namba moja anapata pointi 25, namba mbili 18, kwa hiyo timu ikishika nafasi zote mbili 43 zake ziko palepale, nani yuko mbele haimsumbui sana bosi. Kinachomnyima raha ni magari yake mawili kugusana, kama Red Bull pale Uturuki 2010, Vettel na Webber walikuwa mbele kabisa wakagongana wenyewe kwa wenyewe, ushindi akaondoka nao Hamilton wa McLaren. Dereva yeye hesabu zake ni zingine kabisa, zile pointi 7 ni zake, na mtu wa kwanza anayepimwa naye ni huyohuyo mwenye gari kama lake, akipigwa na yule hana kisingizio.

Pili, na hapa ndo watu wanaruka, rudi nyuma uangalie piti, pale magari yanaposimama kubadilisha tairi. Oda nyingi chanzo chake kiko kule. Anayeingia piti mapema anatoka na tairi mpya zenye spidi wakati mwenzie bado anasota na zilizochoka, kwa hiyo hata kama alikuwa nyuma, mwenzie akija kutoka piti anamkuta keshapita. Ndo maana kawaida aliye mbele ndo anapewa nafasi ya kuingia kwanza. Sasa chukua Hungary 2024, Piastri anaongoza, Norris wa pili, wote wa McLaren, timu ikaogopa Hamilton, safari hii yuko Mercedes, anayekuja nyuma, wakamwita Norris mzunguko wa 45 na Piastri wakamwita wa 47. Norris akajikuta anaongoza mbio bila kumpita mtu barabarani, wamempa wao wenyewe. Injinia wake akambembeleza weee kwenye redio arudishe nafasi, jamaa anazidi tu kufungua gepu mpaka zikapita sekunde tano, ikabidi aanze kukumbushwa habari za kuhitaji timu huko mbele, na mzunguko wa 68 kati ya 70 ndo akaachia mafuta kwenye ile sehemu iliyonyooka Piastri akapita, ushindi wake wa kwanza. Ile oda kwangu ni halali kabisa, timu ilivuruga yenyewe ikarekebisha yenyewe.

Ngumu ni Monza kule Italia 2025, watu walewale. Norris wa pili, Piastri wa tatu, safari hii Norris mwenyewe akakubali mwenzie aingie piti kwanza kwa ahadi kwamba hatapitwa kwa njia hiyo. Ilipofika zamu yake tairi moja ikawasumbua mafundi, akatoka yuko nyuma ya Piastri, na Piastri akaambiwa arudishe nafasi. Akalalamika kwamba piti ya kuchelewa ni sehemu ya mbio, na kwa kweli hapo ana hoja, sema akarudisha. Mimi nasema ile ahadi ndo inaamua, bila ahadi ningekuwa upande wa Piastri.

Tatu, zoesha masikio kwa ile redio ya timu. Usitegemee kusikia mtu anasema "mpishe", wanazunguka. Hiyo tabia ina historia yake, Austria 2002 Barrichello aliambiwa amwachie Schumacher, wote wa Ferrari, akamwachia mita chache tu kabla ya mstari, watu wakazomea, na ilikuwa mbio ya sita tu ya msimu na Schumacher tayari ameshinda nne, yaani hakukuwa na haja yoyote. Ule ndo mfano wa uonevu mtupu. Baada ya msimu ule oda zikapigwa marufuku mpaka zikarudishwa 2011, na katikati hapo ndo timu zikajifunza mafumbo. Hockenheim kule Ujerumani 2010 Massa wa Ferrari aliambiwa tu kwamba Fernando (Alonso, mwenzie wa timu) ana spidi kuliko yeye, basi, kila mtu akaelewa, Ferrari wakapigwa faini dola 100,000. Malaysia 2013 Red Bull walikuwa na namba yao, "Multi 21", maana yake gari namba 2 limalize mbele ya namba 1. Vettel ndo alikuwa namba 1, akampita Webber hivyohivyo akashinda. Kingine sikiliza nani anaongea, injinia wa kila siku akinyamaza ikaja sauti ya mkubwa ujue mambo yameshachacha.

Mwisho pima dereva akitii anapoteza nini. Abu Dhabi 2016, mbio ya mwisho ya msimu, Hamilton anaongoza lakini Rosberg, mwenzie pale Mercedes, akimaliza hata wa tatu ni bingwa, kwa hiyo Hamilton akawa anatembea taratibu makusudi ili walio nyuma wamkute Rosberg. Mpaka Paddy Lowe mwenyewe, bosi wa ufundi wa Mercedes, akaingia kwenye redio kumuamuru aongeze spidi, akakataa. Mercedes ubingwa wa timu walishabeba zamani, yeye ndo anapoteza wa kwake, unategemea atii kwa faida ya nani? Alikosa kwa pointi 5 na bado naona alikuwa sahihi. Vettel wa Malaysia simtetei hivyo, ilikuwa mbio ya pili ya msimu, ana muda wote duniani.

Na kama wewe ni wa Safari Rally kule Naivasha mbinu inabadilika, magari yanaachiwa moja moja kwa hiyo kumpisha mtu hutakuona kwa macho. Kwenye siku ya mwisho angalia muda wa kila kipande, hasa ikiwa timu moja imejaa juu kama Toyota walivyoshika nafasi zote nne za kwanza 2022 na tena 2023. Dereva akipoteza sekunde nyingi ghafla na hana pancha wala gari halijagonga, hapo sasa uliza.